Wacheni Kukanda Mguu Uliovimba!

Najua hii itanikosanisha na nusu ya Otonglo, lakini wacha niseme tu: mguu ukiteguka, wacheni kuukanda na maji moto siku hiyo hiyo. Na nyinyi mnaouvuta "urudi mahali pake", nyinyi ndio wabaya zaidi.

Mimi ni ushahidi. Mwaka jana tulikuwa tunacheza mechi, nikakanyaga shimo, kifundo kikapinduka. Kabla sijamaliza kulia, wasee wawili wamenishika mabega na wa tatu anavuta mguu kama anang'oa muhogo. Ukalia "kwa!" Watu wakapiga makofi: "Imerudi!" Imerudi kutoka wapi? Hakuna kitu kilikuwa kimetoka!

Nyumbani nikamkuta shangazi na karai. Maji moto, chumvi, taulo, na mikono inayosonga ugali ya watu kumi. Alinikanda siku tatu, asubuhi na jioni, kwa upendo kabisa. Mguu ukanenepa kama mbuta. Siku ya nne picha ikaonyesha mfupa wa nje wa kifundo una ufa. Siku tatu tulikuwa tunakanda ufa, manze. Plasta wiki sita, na pesa ilitoka kwa mtaji wa omena wa mathe.

Sasa sikieni kwa nini. Ukijigonga au ukiteguka, mishipa midogo ya damu inapasuka chini ya ngozi. Damu na maji yanavuja: hiyo ndiyo alama nyeusi, hiyo ndiyo uvimbe. Joto linapanua mishipa, kwa hivyo linaalika damu zaidi mahali inavuja. Kukanda kwa nguvu kunachokoza kilichoanza kuziba. Siku mbili tatu za kwanza, joto, kukandwa, pombe na kukimbia vyote ni adui.

Unachohitaji ni baridi. Na usiniambie "sisi hatuna friji". Hii ni Kisumu! Mama wa samaki ana barafu, muombe kipande. Ifunge kwa leso, usiiweke kwa ngozi moja kwa moja kwa sababu inachoma. Dakika kumi hadi ishirini, toa, rudia baada ya masaa mawili au matatu. Ukikosa barafu, lowesha kitambaa na maji ya mtungi wa dani. Yale maji hupoa kwa sababu yanapenya udongo kidogo kidogo na kukauka nje, yakienda na joto. Halafu funga bandeji, isikaze. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Lala mguu ukiwa juu ya mito, juu kuliko kifua.

Kuna wajuaji watasema: "Lakini barafu inachelewesha kupona!" Sawa, nimesoma pia. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye alieneza hii kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua kwenye kitabu chake cha 1978, na baadaye akaandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha mwili kujitengeneza. Kwa hivyo barafu ni ya kupunguza maumivu siku ya kwanza, usikae nayo wiki nzima. Lakini hakuna mahali alisema basi leteni karai la maji moto!

Na shangazi hajakosea kila kitu. Baada ya siku mbili tatu, uvimbe ukianza kushuka, kitambaa cha vuguvugu kinasaidia kulegeza misuli. Yeye alikosea siku tu. Wakati huo pia anza kusogeza mguu pole pole, usiugandishe.

Jambo la muhimu kuliko barafu ni kujua wakati wa kuacha dawa ya nyumbani. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kipimo ambacho hata mtoto wa shule anaweza kukumbuka. Je, unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza mfupa wenyewe, ncha ya kifundo na ukingo wake wa nyuma, unauma? Ukishindwa na hatua nne, au mfupa ukiuma, nenda upigwe picha. Mimi sikuweza hata moja. Hakuna aliyeniuliza. Kila mtu alikuwa anatafuta chumvi.

Kichwa ndiyo usicheze nacho kabisa. Mtoto akipata nundu, wacha kuisukuma na kiganja "irudi ndani". Weka kitambaa baridi, muangalie. Akianza kutapika tena na tena, akichanganyikiwa, akilala usingizi usioamshika, akipata degedege, au maji yakitoka puani au masikioni, msikae kushauriana. Shika boda mpaka Russia, au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huo huo.

Dawa za nyumbani nazipenda, nimelelewa nazo. Shida yangu ni sisi kupenda kuonekana tukifanya kitu. Mtu akianguka, kila mkono unataka kuvuta, kukanda, kusukuma, na yule anayesema "muacheni atulie" anaitwa mwoga.

Wikendi hii kuna mechi. Mtu akianguka, kuwa huyo mwoga. Muulize hatua nne, halafu umtume mtu kwa mama wa samaki.