Pasi ya treni Ulaya: hesabu siku kabla ya kutoa mshiko

Wiki hii nakuja na habari ya pasi. Si ile ya kunyoshea nguo, wala si pasipoti. Nazungumzia pasi ya treni, tiketi moja inayokupandisha treni nyingi za Ulaya bila kupanga foleni dirishani kila asubuhi.

Kijana akipata safari yake ya kwanza ya majuu, iwe ni mwaliko wa dada yake au kozi fupi, wataalamu wa kijiweni humwambia jambo moja: "Nunua pasi, utazunguka Ulaya nzima bure." Bure? Hebu tuhesabu.

Kwanza jina la pasi. Wewe unayeishi Bongo ya kwako inaitwa Eurail, ambayo ilianza 1959 kwa ajili ya wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Iko nyingine, Interrail, iliyoanza 1972, na hiyo ni ya wakazi wa huko huko. Kwa hiyo binamu yako wa Hamburg asikununulie ya kwao akidhani anakusaidia. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama pasipoti inasema Saidi, usijaze Side kwa sababu ndivyo washkaji wanavyokuita.

Eurail kubwa, Global Pass, inatumika katika nchi 33. Ndogo kabisa katika hizo ni ya siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi 1. Siku 4 si safari 4. Siku moja inaanzia saa sita usiku hadi saa sita ya usiku unaofuata, na humo unaweza kubadilisha treni hata tano. Kama hujavuka miaka 27, uliza bei ya vijana. Ni nafuu, na usione haya kuitaka.

Sasa chukua kalamu. Tuseme unafikia Amsterdam kwa ndugu, na safari yako ya mbali ni moja tu, kwenda Berlin na kurudi. Hizo ni siku 2 za treni. Pasi ya nini? Nunua tiketi za kawaida, tena mapema, maana treni za mbali za kule ziko kama ndege: anayewahi analipa kidogo, anayekuja dakika za mwisho anakamuliwa.

Lakini kama unataka Amsterdam, Cologne, Munich, Vienna, Prague na Berlin, na hujui utaamka na hamu ya mji upi, hapo pasi inaanza kuwa na maana. Jumlisha tiketi zote, linganisha na bei ya pasi, kisha amua. Namba hazina ushabiki.

Ila kuna mtego, nao ni kiti. Mliopanda SGR ya Dar hadi Dodoma tangu 2024 mmezoea tiketi kuja na namba ya kiti. Pasi haina. Treni za kasi za Ufaransa (TGV), zile za Hispania (AVE), Eurostar na treni nyingi za usiku zinakutaka ufanye buking ya kiti na kuilipia juu ya pasi yako. Ujerumani, Austria na Uholanzi treni nyingi unapanda tu. Kwa hiyo pasi ya mtu anayezunguka Ujerumani si sawa na ya mtu wa Paris na Barcelona, hata kama wamelipa bei ileile. Tena treni za chini ya ardhi za Paris na London hazimo kabisa.

La viza nalo usilifanyie mzaha. Tiketi zile za bei poa mara nyingi hazirudishwi pesa. Ukinunua leo, kesho ubalozi ukakunyima, umechangia shirika la watu. Subiri muhuri kwanza. Na kumbuka pasi inaweza kukufikisha Uingereza, lakini viza ya Schengen haikuingizi huko. Kule ni viza nyingine.

Jambo la mwisho ni saa. Tiketi ikisema 07:10, hiyo ni saa moja na dakika kumi asubuhi, siyo saa saba mchana. Tiketi ya bei ya chini imefungwa kwa treni moja tu. Ikikuacha, unanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo, na hiyo huwa inauma. Wenye pasi ya kwenye simu nao waiwashe na kuingiza safari kabla ya kupanda, halafu wachunge chaji. Kondakta anataka kuona pasi, si kusikia hadithi ya betri, na faini ya kule inalipwa kwa euro.

Kwa hiyo, mtu wangu, usianze na pasi. Anza na miji na siku, halafu karatasi yako yenyewe itakwambia kama unahitaji pasi au tiketi tatu tu. Chenji itakayobaki ni ya chakula, na ya kumletea mama zawadi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Safari njema!