Tezo ya Mkamba na Mzeituni wa Hekalu

Mutisya Munge wa Wamunyu, mji ulio kwenye barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui, alijifunza kuchonga vinyago akiwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarejea kwao na ufundi huo. Tangu hapo tezo ya Mkamba imewachonga zaidi twiga na simba wa kuuzia watalii. Kuhusu kanisa, ipo hoja kwamba kinyago hakina nafasi humo, kwa kuwa Kutoka 20 inakataza sanamu ya kuchonga.

Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kinachokatazwa ni kuisujudia. Katika Kutoka 31, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili, miongoni mwa kazi nyingine, achonge miti. Katika 1 Wafalme 6, Sulemani anasimamisha hekaluni makerubi mawili ya mzeituni, kila moja mikono kumi kwenda juu, na kuta zinachorwa mitende na maua. Hata palipoepukwa sura za viumbe, sanaa haikufa: mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 yaliyochongwa kwenye matumbawe.

Mzeituni mwitu si mgeni kwa mchongaji wa Ukambani. Anachokikosa ni mteja wa nyumbani. Makanisa ya Kitui na yamwagize milango, mimbari na nguzo, nao wasomi wa fasihi wayafafanue maandiko haya kwa jicho la sanaa. Mcheza kwao hutunzwa. Mchongaji naye je?