Tozeni Watu, Si Majengo

Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilitoa taarifa iliyopokewa kwa makofi. Benki tano zilizopitisha zaidi ya shilingi bilioni 3.5 za Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, katika kashfa ya madai ya uporaji wa fedha za umma, zilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5. Makosa yalitajwa bila kificho: kutoripoti miamala mikubwa ya fedha taslimu, kutomchunguza mteja ipasavyo, kuachia mamilioni yatoke bila hati za kuyaeleza. KCB ilibeba mzigo mkubwa kuliko wenzake, milioni 149.5. Ikasemwa kwamba sasa sheria imeota meno.

Meno gani? Shika kalamu tupige hesabu. KCB ilifunga mwaka huo na faida ya takriban shilingi bilioni 24 baada ya kodi, yaani kama milioni 66 kila siku inayopambazuka, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Faini yake yote ilifidiwa kwa siku mbili na robo. Ukiigawanya kwa hisa, ni kama senti tano kila hisa, na gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 3.50. Mbu huuma zaidi ya hapo.

Hata hivyo, udogo wa faini si ugomvi wangu mkubwa. Nauliza ilitoka mfukoni mwa nani. Mwanahisa mkubwa kuliko wote wa KCB wakati huo alikuwa Hazina ya Kitaifa, yenye karibu asilimia 17.5 ya hisa. NSSF, inayotunza akiba za uzeeni za wafanyakazi, nayo ilikuwa katika orodha ya wakubwa. Basi fedha zinazodaiwa kuporwa kwa umma zikapita benki, serikali ikaipiga benki faini, na kama milioni 26 za faini hiyo zikatoka katika fungu la serikali yenyewe. Fungu jingine likamegwa kwenye uzee wa mtu anayeshona nguo kiwandani Athi River. Umma uliibiwa, kisha ukatozwa faini kwa kuibiwa. Ni sawa na trafiki kumsimamisha dereva wa matatu kwa mwendo wa kasi, halafu faini ichangwe na abiria, na dereva aondoke akibadilisha gia.

Taarifa ile ilikuwa na majina matano ya benki. Jina la binadamu halikuwamo. Kweli, iliahidi kwamba matokeo yangefikishwa kwa wachunguzi wa jinai, na hilo ni jema. Lakini adhabu iliyotoka siku ile, adhabu yenye tarakimu, ilitua juu ya jengo. Jengo haliogopi. Jengo halilipi karo wala halina mkopo wa nyumba. Aliyesema "mpe huyo mteja fedha zake, hati tutazitafuta baadaye" alikuwa mtu, mwenye kiti, mshahara na matumaini ya kupandishwa cheo.

Wachumi walituambia haya zamani. Mwaka 1968 Gary Becker, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba anayefikiria kuvunja sheria hupiga hesabu: nitapata nini, nina uwezekano gani wa kunaswa, na nikinaswa nitapoteza kiasi gani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia siku alipochelewa kwenda kumtahini mwanafunzi, akapima kama aegeshe gari mahali pasiporuhusiwa. Aliegesha. Katika hesabu hiyo, kama biashara haramu inaleta milioni 100 na wanaonaswa ni mmoja kati ya kumi, faini isiyozidi bilioni moja ni ada ya leseni tu. Na hapo bado tunadhani mlipaji na mkosaji ni mtu mmoja. Wakiwa wawili tofauti, hata mkitoza bilioni 50, mkosaji amepoteza sifuri. Sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri.

Utaambiwa wanahisa ndio wenye mali, wawabane wakubwa wao. Nani awabane? Mwalimu wa Kakamega mwenye hisa 500? Mwaka 1976 Michael Jensen na William Meckling waliueleza ugonjwa huu kwa jina la gharama za uwakala: aliyepewa mali ya mwenzake aisimamie ana njaa yake mwenyewe, na kumchunga kunagharimu. Nauli ya huyo mwalimu kwenda na kurudi Nairobi inaweza kumeza gawio lake lote. Kwa hiyo haendi. Na waliokuwa wakienda mikutano mikuu ya mwaka kabla haijahamia mitandaoni, wengi walifuata mwavuli, fulana na boksi la chakula. Siwacheki, kwa kuwa kwa wengine lile boksi ndilo lililokuwa pato la uhakika zaidi kutoka kwa kampuni ile. Ila bodi zinaijua hesabu hiyo vizuri, na zimeistarehea.

Kisha kuna makaratasi. Kenya ina Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015. Ina kanuni za utawala bora za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, zenye kauli ya kwamba kampuni ifuate au ieleze kwa nini haikufuata. Wakurugenzi huru, kamati ya ukaguzi, sera ya maadili, vyote vimo. Sasa tazama Benki ya Imperial. Bodi ilikuwapo, wakaguzi wa nje walikuwapo, wasimamizi wa Benki Kuu walikuwapo. Mwaka 2015 ikauza hatifungani ya shilingi bilioni 2, kwa idhini. Tarehe 13 Oktoba, siku ambayo hatifungani hiyo ilikuwa ianze kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi, benki ikafungwa, kukiwa na madai ya udanganyifu wa zaidi ya shilingi bilioni 30 uliofichwa kwa zaidi ya miaka kumi. Wenye amana wakabaki wameshika vitabu. Ukurasa wa utawala bora haukumrudishia mtu hata shilingi.

Inawezekana kufanya vingine, na ushahidi ni wa mwaka uleule wa faini za NYS. Mei 2018 wasimamizi wa London walimtoza Jes Staley, aliyekuwa mkuu wa Barclays wakati huo, pauni 642,430 yeye binafsi, kwa kujaribu kumjua mfichua maovu aliyeandika barua bila kutaja jina. Barclays nayo ikamkata pauni 500,000 za bonasi. Alibaki kazini, na bado nasema hiyo ni adhabu, maana aliyekosa ndiye aliyelipa. Hapa nyumbani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji nayo ilithubutu mwaka huohuo: ilitangaza faini na marufuku kwa baadhi ya waliokuwa wakubwa wa Benki ya Taifa, kuhusu hesabu za mwaka 2015 zilizoonyesha faida katikati ya mwaka kisha zikaishia hasara. Kwa hiyo njia tunaijua. Tunaipita mara mojamoja, kama wageni.

Nasikia tayari wakili wa bodi akisafisha koo: mkiwatisha wakurugenzi, watu wazuri watakimbia, watakaobaki watakuwa waoga, na biashara ni kuthubutu. Kuthubutu gani? Mkurugenzi aliyefungua tawi Kigali likafeli amethubutu, aachwe. Anayeweka sahihi kwenye hesabu asizozisoma hajathubutu chochote. Dhima yenye kikomo ilibuniwa imlinde mtu anayeweka akiba yake katika biashara asiyoiendesha, asipoteze zaidi ya alichoweka. Haikubuniwa imfunike anayeiendesha kwa fedha za wengine.

Basi taarifa ijayo ya Benki Kuu iwe na safu mbili. Ya kwanza, jina la benki. Ya pili, jina la afisa aliyepitisha muamala, jina la mkuu wake aliyenyamaza, kiasi kitakachokatwa kwenye bonasi ya kila mmoja, na miaka ambayo hataruhusiwa kuketi katika bodi yoyote, bila bima ya kampuni kumlipia hata senti. Anayeona masharti hayo ni makali ajiuzulu leo jioni. Wanaokitaka kiti chake wameshatuma wasifu wao.