Filamu Ioneshwe Kwanza Kipili

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, hatua iliyokubaliwa pamoja na nchi nyingine zinazochangia ziwa hilo. Kwenye taarifa ya serikali, hiyo ni miezi mitatu. Kwenye mwambao wa Nkasi, mkoani Rukwa, kutoka Kabwe hadi Kirando na Kipili, ni mwenye kipe cha kuvulia anayefikiria atawalipa nini vijana wake, ni mwanamke aliyekopa kwenye kikundi akitegemea mzigo wa dagaa wa kupandisha Sumbawanga, ni mchukuzi wa gatini asiye na cha kubeba. Sioni umbo la sanaa linalofaa jambo kama hili kuliko filamu fupi ya hali halisi: dakika kumi au kumi na tano, watu wawili watatu wasioigiza, na uamuzi mkubwa wa umma ukitazamwa kutoka jikoni kwa mtu. Swali ambalo haliulizwi mara nyingi ni nani aitazame filamu hiyo kwanza. Hoja ya makala haya ni kwamba aliyepigwa picha ndiye anayestahili kuwa mtazamaji wa kwanza, na kwamba haki hiyo iandikwe kwenye masharti ya kibali cha kupiga filamu, isibaki kuwa hisani ya mtengenezaji.

Tazama jinsi filamu hizi zinavyozaliwa. Nyingi hugharimiwa na mashirika yasiyo ya kiserikali, wafadhili, au idara inayotaka kazi yake ionekane. Hakuna dhambi hapo. Kamera, mafuta ya gari na mshahara wa mhariri vinataka fedha. Lakini mwenye fedha ndiye huamua umbo. Mradi unaofikia ukingoni unahitaji ushahidi wa mafanikio, kwa hiyo filamu huanza na shida, hupita kwenye msaada na kuishia kwenye shukrani. Mama wa dagaa anaoneshwa akitabasamu kando ya chanja, anasema sentensi mbili, kisha msimulizi anamalizia yaliyobaki. Maandishi ya chini ya picha ni ya Kiingereza. Mzee aliyezungumza Kifipa hawekewi tafsiri ya Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyetarajia kwamba jirani yake Mbembe au Muha angeitazama. Kuliko ripoti yoyote ya mradi, maandishi hayo ya chini yanasema filamu imetengenezewa nani.

Wageni wanaopiga filamu za ziwani nao wana mazoea yao. Kivutio chao kikuu ni MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ni historia tamu, na Kipili ilikuwa mojawapo ya vituo vya meli hiyo katika safari kati ya Kigoma na Mpulungu. Lakini mtazamaji wa Ulaya anaijua meli kabla hajaketi kutazama, na anayepakia magunia ya dagaa gizani anabaki kuwa pambo la picha. Juu ya mteremko, kwenye uwanda wa Ufipa, pambo ni jingine: uchawi na radi. Sifa hiyo imebandikwa Sumbawanga kwa muda mrefu, hata kwa utani wa Watanzania wenyewe, kiasi kwamba mwenye kamera hufika akiwa tayari ameshapata filamu yake kichwani. Maia Lekow na Chris King walionesha njia nyingine katika filamu yao *The Letter* ya mwaka 2019, inayohusu wazee wa Pwani ya Kenya wanaotuhumiwa uchawi. Ukiitazama unagundua kwamba unasimuliwa habari ya ardhi, ya urithi, na ya familia moja inayovutana. Uchawi umekuwa kisingizio. Mahali pa kufikia ugunduzi wa namna hiyo ni kikaoni na wahusika, kwa sababu wao ndio wanaojua ugomvi ulianzia wapi.

Tabia ya kuwapiga picha watu wa kijijini pasipo kuwauliza wanaona nini ina mizizi mirefu hapa kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara palikuwa makao ya jaribio la sinema lililoongozwa na Meja Notcutt na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Carnegie la Marekani. Filamu fupi zipatazo 35 zilitengenezwa, kuhusu kilimo, afya, akiba na kodi, zikapelekwa kwa lori hadi vijiji vya makoloni ya Uingereza vya ukanda huu. Kwa jambo moja waanzilishi hao wanastahili sifa ambayo wengi wa leo hawaistahili: walizirudisha filamu kwa watu. Ila walifanya hivyo wakiamini kwamba Mwafrika ni mtazamaji mgeni wa picha, wa kuelekezwa polepole, zaidi ya kuwa mtu anayeweza kukosoa filamu na kuifanya ibadilishwe. Miaka ya 1950 kijana Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika *Muhogo Mchungu*; watu wa Tanganyika wakapata nafasi mbele ya kamera, huku maamuzi ya chumba cha uhariri yakibaki kwa wengine.

Mfano unaouma zaidi ni *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Mwanza, ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya, na watu wanaobaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani kwamba imeichafua nchi. Mjini Paris mwanahistoria François Garçon aliituhumu kwa udanganyifu, na mwaka 2008 mahakama ikamwona na hatia ya kumkashifu mtengenezaji. Unaweza kusimama upande wowote wa mzozo huo. Mimi naona filamu ile iliuliza maswali ya haki kuhusu biashara ya samaki, na kwamba pale ilipodokeza silaha bila kuzionesha ilijidhoofisha yenyewe. Lakini angalia waliozungumza: rais, msanii, mwanazuoni, wakili. Wanawake waliokuwa wakikaanga mapanki, ambao picha zao ndizo zilizoifanya filamu ivume, hawakuwa na kiti katika mjadala huo. Kama wangeitazama kwanza wakasema "ndivyo tunavyoishi", serikali ingepata shida kuikanusha. Kama wangesema "hapa umetusingizia", Sauper angejua mapema. Kwa vyovyote ukweli ungepata shahidi ambaye pande zote mbili zilimkosa.

Sheria zetu hazikujifunza hilo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inamtaka mtengenezaji aombe kibali kabla ya kupiga picha na aeleze atakachopiga. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliongeza sharti kwamba watengenezaji wa kigeni wawasilishe kwa Bodi ya Filamu picha ghafi pamoja na filamu iliyokamilika. Maana yake Dar es Salaam inaweza kuona hata vipande vilivyotupwa, ilhali Kipili haina haki ya kuona kilichobaki. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na hiyo angalau inamtambua mtu mmoja mmoja na ridhaa yake. Tatizo ni wakati ridhaa inapotolewa. Mvuvi hutia saini au dole gumba siku kamera inapofika, kabla chochote hakijatengenezwa. Anakubali kupigwa picha. Kuhusu namna atakavyokatwa, atapangwa karibu na nani, na muziki gani utalia chini ya maneno yake, hajaulizwa, na hata mpiga picha mwenyewe siku hiyo hajui. Filamu ya hali halisi hutengenezwa mezani kwa mhariri, kwa hiyo ridhaa ya kabla ya uhariri ni nusu ridhaa.

Njia ya kuikamilisha imeshajaribiwa mahali ambapo maisha yanafanana na ya Nkasi kuliko mtu angedhani. Mwaka 1967 Colin Low wa bodi ya filamu ya taifa ya Kanada alikwenda kisiwa cha Fogo, Newfoundland, ambako wavuvi walikuwa wakishinikizwa kuhama. Alitengeneza zaidi ya filamu fupi 20, nyingi zikiwa za mtu mmoja akizungumza, na kanuni ilikuwa kwamba waliomo wanaziona kwanza na wanaweza kuomba kipande kiondolewe kabla hazijatoka kisiwani. Vijiji vilivyokuwa havizungumzi vikasikilizana kupitia picha. Filamu zikapelekwa kwa serikali ya jimbo, naye waziri wa uvuvi akajibu kwa filamu. Wavuvi wakaunda ushirika, wakabaki kisiwani mwao. Kusema kamera ndiyo iliyowaokoa ni kutia chumvi, maana harakati za ushirika zilikuwa na watu wake na miaka yake. Kamera iliwapa mahali pa kusikilizana. Kwetu, miaka ya 1990, mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland huko Mtwara na Lindi uliwapa wanavijiji video wazungumzie uvuvi wa baruti, na kanda zao zikawafikia viongozi waliokuwa mbali na bahari. Wavuvi wa kusini mwa Tanzania waliweza. Wa Ziwa Tanganyika wanapungukiwa nini?

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: ukiwapa wenyeji nafasi ya kwanza, umewapa wakubwa wa kijiji mkasi. Filamu inayoonesha makokoro yakivuta vifaranga vya samaki itafika mbele ya mwenye makokoro, ambaye huenda ndiye mkopeshaji wa nusu ya watazamaji. Nalikubali pingamizi hili kiasi kwamba ninadai haki mbili zitenganishwe. Mtu ana mamlaka juu ya uso wake na maneno yake mwenyewe: akisema "niondoe", aondolewe. Anayekosolewa ana haki ya kujibu, na jibu lake liingizwe kwenye filamu, lakini hana haki ya kufuta alichosema mwingine. Mwenyekiti wa kijiji anaingia kundi la pili, hata kama yeye ndiye mwenyeji wa onesho. Kuhusu waliodhurika, wenye ualbino waliovamiwa katika mkoa huu huu wa Rukwa au wanawake waliopigwa majumbani, onesho la hadharani laweza kuwa jeraha la pili. Kwao onesho la kwanza ni la faragha, pamoja na wale wanaowachagua wenyewe, na wao ndio waamue kama kijiji kitaona. Mtengenezaji anayeogopa hata onesho la faragha ajiulize anaficha nini.

Pingamizi la gharama ni dogo kuliko linavyopigiwa kelele. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, kisha kuna safari ya kupitia Namanyere na kuteremka hadi ziwani. Ni mbali kweli. Lakini aliyeweza kufika mara moja kuchukua picha alipanga bajeti ya kufika, na ya kurudi anaweza kuipanga. Kumbi hazikosekani: vibanda umiza vinavyoonesha mpira na filamu vimeenea nchini. Watazamaji wa vibanda hivyo si wanafunzi wa Vugiri. Wamekulia kwenye filamu za kutafsiriwa na wasimuliaji wa aina ya marehemu Lufufu, wamezoea kuibishia skrini, na watamgundua mvuvi wa kuigiza kabla hajamaliza kukunja wavu. Malipo nayo yasikwepwe. Wapo wanaosema kumlipa mhusika kunaharibu ukweli, na wanayasema hayo wakiwa wamemlipa dereva, mkalimani na mwenye nyumba ya wageni. Siku nzima ya mwanika dagaa ina bei.

Wengine watasema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa simu ziko mikononi na kijana wa Kirando anajipiga mwenyewe. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, Kenya, alipiga picha za familia yake na mvua iliyokataa kuja, zikawa moyo wa filamu *Thank You for the Rain* ya mwaka 2017 aliyoifanya na Julia Dahr wa Norwei. Huo ni ushirikiano wa kuigwa, ila ulichukua miaka na watu wawili walioaminiana. Kwa kawaida kipande cha simu huondoka mikononi mwa mwenyewe siku hiyo hiyo, kikakatwa na kuandikiwa maneno na asiyemjua. Wingi wa picha umeongeza haja ya mahali ambapo aliyepigwa anakaa, anatazama hadi mwisho, na kusema.

Mahali hapo pameshaundwa na sheria. Mkutano mkuu wa kijiji, unaomhusisha kila mtu mzima, upo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na kazi yake ni kuzungumzia mambo ya aina hii hii: ziwa lifungwe lini, nani afidiwe, nyavu zipi zikamatwe. Filamu ya dakika kumi kuhusu kufungwa kwa ziwa, ikioneshwa mbele ya mkutano huo kabla ya tamasha la filamu la Zanzibar au ofisi ya mfadhili, itasahihishwa na watu wanaojua bei ya dagaa wiki ile. Mashirika yanayogharimia filamu hizi hayahitaji kusubiri sheria. Yaweke safari ya kurudi kwenye mkataba wa mtengenezaji na yazuie malipo ya mwisho hadi ifanyike. Nayo Bodi ya Filamu iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya kibali: tarehe na mahali ambapo waliopigwa picha watakaa kuitazama, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya mtu mwingine yeyote.