Lile Si Ziwa

Muhula uliopita jumba moja la makumbusho hapa Uingereza lilitafuta wanafunzi wa kutafsiri maelezo ya picha kwa lugha za wageni wake. Nilipewa picha kumi na moja. Kumi zilipita bila neno. Ya kumi na moja imeniletea ugomvi ambao bado haujaisha, na sina haraka ya kuumaliza.

Ni picha ya rangi za maji ya zama za Malkia Victoria, ndogo, unaweza kuibeba kwapani. Miti mikubwa imeyainamia maji, ng'ombe wawili wanakunywa, na kwa mbali jumba la mwenye milki linachungulia. Mchoraji alikuwa fundi, simnyimi haki yake: mng'ao wa maji hakuupaka, aliiacha karatasi tupu ifanye kazi hiyo. Jina la picha kwa Kiingereza linasema ni ziwa. Mimi niliandika "bwawa".

Mratibu akanirudishia. Programu yake ya kutafsiri ilimwambia "ziwa", akadhani nimeteleza. Nikamweleza kwamba kwetu Tanganyika ni ziwa, Mtera ni bwawa. Mtoto wa shule ya msingi anajua tofauti: moja tumelikuta, jingine watu wameziba mto. (Nyumba ya Mungu nayo, pamoja na jina lake lote, ni bwawa la binadamu.) Na ukiitazama picha vizuri, upande wa kulia ukingo umenyooka kama rula, umefunikwa nyasi. Hilo ni tuta. Liondoe, utabaki na kijito cha kuruka kwa hatua tatu.

Jibu lake: wageni wanakuja kufurahia mandhari ya asili.

Asili gani? Katika karne ya 18 Lancelot Brown alilipwa fedha nyingi na matajiri wa Uingereza ili awatengenezee "asili" mbele ya madirisha yao. Blenheim aliuzuia mto Glyme, maji yakapanda hadi yakameza vyumba vya chini vya daraja kubwa alilolikuta pale. Milton Abbas, kule Dorset, Lord Milton aliuona mji mzima unamharibia mandhari. Akaubomoa, wakazi akawapeleka kwenye kijiji kipya asichokiona kutoka nyumbani kwake, na ulipokuwa mji pakawa bustani. Brown alikuwa mmoja wa waliompangia. Harewood, Yorkshire, maji yale mazuri yapo kwenye milki ya akina Lascelles, waliotajirika kwa sukari na watumwa wa Karibi. Utumwa ulipofutwa katika makoloni, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na waliolipwa ni wamiliki, Earl wa Harewood akiwamo. Waliolima miwa hawakupata hata senti.

Mchoraji wa zama za Victoria alikuja baadaye, miti imeshakomaa, tuta limeota nyasi, mambo yametulia. Alichora alichokiona. Simlaumu yeye. Namlaumu mtu wa leo mwenye ramani na hesabu za milki kabatini, anayeniambia nisimchoshe mgeni.

Mwenzangu mmoja wa darasani amekwenda mbali zaidi: picha za namna hii ziteremshwe zote. Sikubaliani naye hata kidogo. Ikishateremshwa, tuta nalo linaingia stoo, na mwenye milki atakuwa amefichwa mara ya pili, safari hii na sisi. Itundikwe. Tena ningeomba mahali penye mwanga zaidi (najua, rangi za maji hufifia) ili ule ukingo ulionyooka uonekane hata na asiyeutafuta.

Mhadhiri wangu, ninayemheshimu sana, ameniuliza kama kweli nataka kugombana kwa ajili ya neno moja. Lakini ndilo neno nililoajiriwa kulitafuta. Kiswahili kilikuwa kimenipa neno kamili kuliko la Kiingereza, wakanitaka nilipunguze liwe na ukungu uleule wa Kiingereza.

Mwezi jana maelezo yalibandikwa ukutani. Yameandikwa "ziwa", na chini yake, kwa herufi ndogo, jina langu kama mfasiri. Nimewaandikia barua pepe nikiomba wabadilishe neno au wafute jina. Wamejibu kwa upole kwamba uchapaji umekwisha, nisubiri maonyesho yajayo. Nimewaandikia tena.