Acheni Kila Mtu Achague Dirisha Lake

Naanza na kitu kidogo sana, wakubwa msicheke. Ukifungua madirisha mawili kwenye kompyuta, herufi unazopiga kwenye kibodi zinaingia katika dirisha moja tu. Lipi? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Wataalamu wanaita jambo hilo fokasi.

Kompyuta nyingi zinakuja zimepangwa hivi: lazima ubonyeze dirisha kwa mausi ndipo likubali kuandikwa, na likishabonyezwa linaruka mbele na kufunika mwenzake. Lakini kuna njia nyingine, wala si mpya. Dirisha ambalo mshale wa mausi umelala juu yake ndilo linaloandikwa. Hubonyezi kitu, unasogeza mshale tu na kuandika. Dirisha linaweza hata kubaki nyuma, nusu limefunikwa, na bado likapokea maneno yako.

Utaniuliza, kwa hiyo? Kwa hiyo njoo Kampala, kwenye chumba cha kompyuta ninakofanya kazi na vijana. Mashine ni za msaada, skrini ndogo, na mausi zimechoka mpaka kitufe cha kushoto ukibonyeze mara tatu ndipo kisikie. Kazi inayotuleta pale zaidi ni moja. Kijana ametoka Kongo au Burundi, karatasi zake ni za Kifaransa, mwajiri wa hapa anataka CV ya Kiingereza. Anafungua ya Kifaransa na ya Kiingereza, anasoma mstari, anaandika mstari. Kila akibonyeza ile anayoandika, inaruka na kufunika ile anayosoma. Anarudi, anabonyeza tena. CV ya kurasa mbili inakula asubuhi nzima, na nje kuna foleni.

Sasa kuna kijana mmoja, alikuwa fundi cherehani kwao. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki, sababu yake anaijua mwenyewe na sisi hatumuulizi. Kusogeza mausi kwa kiganja anaweza vizuri. Kubonyeza ndiyo shida, anabonyeza huku anauma meno. Nikamfungulia mipangilio. Mashine ile ina Linux yenye Xfce, kwa hiyo unaingia sehemu ya madirisha, kwenye fokasi, unachagua ifuate mausi. Haikuchukua hata dakika mbili. Siku hiyo alimaliza CV yake, akaanza na barua ya maombi.

Kesho yake tumerudi, mashine imejifuta. Pale watu wote tunatumia akaunti moja, na ukizima kompyuta kila kitu kinarudi kama walivyokipanga wao. Nikaenda kuuliza ofisini. Nikaambiwa huo ndio utaratibu, na tena nisiguse mipangilio. Wiki iliyofuata sehemu ile imefungwa kwa neno la siri. Jamani!

Mkubwa wa pale alinipa sababu moja, na nitaisema kwa haki kwa sababu si ya kijinga. Alisema mtu mmoja akibadilisha, anayekuja nyuma yake atachanganyikiwa. Kweli kabisa. Siku ileile ya fundi wetu, mama mmoja alikaa baada yake, tumebanana kama kwenye teksi ya Old Park, kiwiko cha jirani kikagusa mausi, na maneno ya mama yakaingia dirisha lisilo lake. Alinigombeza, na alikuwa na haki. Yeye anataka kubonyeza. Basi abonyeze! Mimi sikusema wote wafuate njia yangu. Nimesema kila mtu apewe akaunti yake, na mashine itakumbuka mama anapenda nini na fundi anapenda nini. Kompyuta inaijua kazi hiyo tangu zamani, ni sisi tunaoinyima.

Wala si mambo ya watundu. Mfumo wa madirisha wa X, ulioanza MIT mwaka 1984, ulijengwa kwa wazo kwamba mfumo wenyewe usiamue mambo ya namna hii, uache nafasi watu wachague. Windows nayo, tangu Windows 7 ya mwaka 2009, imeweka chaguo hilo kwenye sehemu ya kuwarahisishia kazi watu wenye ulemavu. Maana yake Microsoft walimfikiria fundi wetu kabla hajafika Kampala. Ofisi iliyo ukuta mmoja na yeye haijamfikiria.

Na kuna dirisha linalojileta lenyewe, ambalo hukulibonyeza wala hukuliita. Msichana wetu mmoja anaandika kwa vidole viwili, macho yako kwenye kibodi. Akiwa anapiga neno lake la siri, dirisha la meseji likaruka mbele. Akabonyeza Enter. Neno la siri likaenda kwa kwaya nzima. Tulicheka, yeye alilia. Hata hilo lina dawa: KDE ina mipangilio ya kuzuia madirisha yasinyang'anye fokasi, na unachagua mwenyewe yazuiwe kwa ukali gani.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatuachia kutembea na kutafuta kazi. Ndugu zangu wa Nakivale na Kyangwali, sisi tuliochagua mjini tunajua tumechagua nini: kodi ya nyumba, na posho ya kujinunulia. Tumekubali. Mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua mji wa kuishi, halafu anakatazwa kuchagua mshale wa mausi ufanye nini, kwani amekuwa mtoto?

Wafanyakazi wa misaada mnaosoma hapa, mkija kutuletea mashine nyingine, msihesabu mashine tu. Ulizeni nani anashika neno la siri la mipangilio, na kama kila kijana ana akaunti yake. Akaunti hainunuliwi. Kwa mashine zetu, mtu mmoja anazifungua zote alasiri moja, na mimi nimejitolea, barua yangu iko ofisini kwao.

Fundi anarudi Jumatatu. Ana barua tatu za kuandika.