Karatasi za Chumba cha Giza
Sina uadui na simu za leo, ila zamani, picha ilipokuwa ikisafishwa katika chumba cha giza, karatasi ikizama katika dawa chini ya taa nyekundu hata sura ikadhihirika polepole, palibaki kitu cha kurithiwa. Kwa mfano, mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1978, katika kazi yake Mémoire ya 2006, aliwatwaa wafanyakazi kutoka picha za kikoloni (ambazo, kwa hakika, hazikupigwa kwa hisani) akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines. Na ajabu, aliwaunganisha kwa kompyuta! Lakini kompyuta ingeunganisha nini, lau wa kale wasingeacha karatasi? Leo simu ikiibiwa sokoni, harusi nzima hutoweka nayo.